Mbegu za Nyanya Yetu



Katika parokia nyingi za Kivu, mvua za Septemba zinapokaribia, akina mama huleta mbegu kanisani zibarikiwe kabla ya kutiwa udongoni. Kila mmoja hushika kikapu chake, na ndani yake mna maharagwe, mahindi, mtama, pengine na konzi ya karanga. Leo twataka kuwasimulia habari za kikapu kimoja ambacho mwaka mmoja hakikuletwa. Hakikuletwa kwa sababu kilikuwa kitupu, na aliyekimaliza si panya wala mwizi. Tulikimaliza sisi wenyewe.

Sisi tuandikao haya ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwetu ni Kabare, katika vilima vinavyotazama Ziwa Kivu. Tulilelewa kwa sehemu kubwa na nyanya yetu, yaani mama wa mama yetu. Jikoni mwake, juu ya mafiga, kilining'inia kibuyu cheusi kwa masizi, kimezibwa kwa majani makavu ya mgomba. Humo ndimo alimoweka mbegu zake za maharagwe, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe. Mtoto yeyote aliyethubutu kukigusa kibuyu kile alikiona cha moto.

Maharagwe yale hayakuwa ya aina moja. Yalikuwa ya aina kumi na mbili: meusi, meupe, ya manjano, mekundu, yenye madoadoa kama manyoya ya kanga. Aliyapanda yote pamoja katika shamba moja, kama wafanyavyo akina mama wengi wa kwetu tangu zamani. Msimu wa kupanda ulipofika, alituketisha kandokando yake, akamimina mbegu juu ya ungo, akaanza kutueleza moja moja kama mtu anayewatambulisha wageni wake.

«Hili jeusi kubwa,» alisema, «ni haragwe la mtumbwi. Mama yangu alizaliwa kisiwani Idjwi. Alipoolewa huku ng'ambo, mama yake alimfungia mbegu hizi katika kitambaa, akavuka nazo ziwa. Mahari ilikwisha kuliwa zamani, lakini haragwe bado lipo.»

Kisha alichukua jeupe dogo. «Hili ni haragwe la mgeni. Baada ya mwaka 1959 watu wengi walikimbia kutoka Rwanda wakaja kwetu. Mwanamke mmoja alipanga karibu na nyumba yangu. Mimi nilimpa chumvi na moto. Yeye hakuwa na kitu ila konzi mbili za mbegu, akanipa moja.»

Twakiri ya kwamba sisi wajukuu tulisikiliza kwa sikio moja. Tulingojea mwisho wa maneno ili twende kucheza.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1996 vita vilifika Bukavu, na vilima vyetu vikajaa watu wanaokimbia. Sisi tulikuwa hatujatimiza miaka saba. Mama yetu alimbeba mtoto mdogo mgongoni. Nyanya yetu alibeba sufuria, blanketi moja na kibuyu chake. Siku ya tatu chakula kilikwisha, na mdogo wetu alilia hata sauti ikamkauka. Jioni ile nyanya yetu alikaa kando ya njia, akakizibua kibuyu. Tulimwona akizipangusa mbegu majivu na kuzichagua katika mwanga uliokuwa ukififia. Kutoka kila aina alitoa punje tano, akazifunga katika pindo la kitenge chake. Zilizobaki akazipika, tukala.

Hakusema neno lolote. Lakini tangu siku hiyo tulijua ya kuwa kupika mbegu si dhambi, mradi punje tano za kila aina zimebaki.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, wiki nyingi baadaye, tulilala usiku mmoja katika nyumba ya mwanamke tusiyemjua. Asubuhi alimpa nyanya yetu punje chache za haragwe jekundu lenye tumbo jeupe, akamwambia kwamba hilo huvumilia jua kuliko mengine. Nyanya yetu aliliita haragwe la njia. Likawa la kumi na tatu katika kibuyu chake, na kwa kweli lilivumilia jua.

Miaka ikapita. Sisi tukaenda seminari ndogo, tukajifunza Kifaransa na Kilatini, na baadaye tukawa mwalimu. Nyanya yetu alifariki mwaka 2011, na kibuyu kikabaki mikononi mwa mama yetu. Ndipo tunapofika penye aibu yetu.

Mwaka 2015 tulipata mbegu mpya za maharagwe zilizochaguliwa na wataalamu, zote za aina moja, punje zote zimelingana. Tulipendezwa nazo mno. Tulimwambia mama yetu, «Mama, michanganyiko hii ya zamani haina bei sokoni. Tupande hizi peke yake.» Na kwa kuwa mwezi ule wa Agosti mtoto wetu wa kwanza alibatizwa, na wageni walikuwa wengi kuliko chakula, tuliagiza maharagwe ya kibuyu yapikwe yote kwa karamu.

Mama yetu alisimama kidogo mlangoni mwa jiko, kibuyu mkononi. «Haya, baba,» akasema. «Wewe ndiwe mwalimu.» Akamimina yote chunguni. Hakutoa punje tano, na sisi tuliojua habari ya punje tano hatukumkumbusha.

Msimu ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Maharagwe mapya yalichipuka vizuri, kisha majani yakageuka manjano, na tulipong'oa mashina tuliona mizizi imeoza. Tusiwalaumu wataalamu: mbegu zao ni njema, na majirani waliozipanda mahali pakavu zaidi walivuna sana. Kosa lilikuwa letu. Katika shamba la nyanya yetu mvua ilipozidi, aina nne zilikufa na nane zikasimama. Jua lilipozidi, zile nane zikalegea na nyingine zikasimama. Hakuwahi kuvuna kingi kupita kiasi, lakini hakuwahi kukosa kabisa. Sisi tulikuwa tumeweka tumaini letu lote katika aina moja.

Mwezi wa Februari, msimu wa pili ulipokaribia, tulikuwa hatuna mbegu wala fedha. Ndipo mama yetu aliposema neno ambalo hatulisahau: «Mama yangu hakuacha kibuyu peke yake. Aliacha hadithi. Fuata hadithi.»

Basi tukazifuata. Tulishuka ziwani, tukapanda mashua kwenda Idjwi, tukauliza ukoo wa mama wa nyanya yetu. Katika nyumba moja tulimkuta mzee mwanamke, haoni vizuri, akatuuliza, «Wewe ni wa nani?» Tulimsimulia habari za msichana aliyevuka ziwa na mbegu katika kitambaa. Alinyamaza, kisha akamwita mjukuu wake alete kikapu. Lilikuwamo haragwe jeusi kubwa, lile lile. Hatukuwa na karatasi wala shahidi. Hadithi ile ndiyo iliyokuwa barua yetu ya utambulisho.

Yule mgeni wa Rwanda alikuwa ameondoka zamani. Lakini tulikumbuka ya kuwa nyanya yetu alimpa binti yake wa ubatizo haragwe jeupe siku ya arusi yake. Tulivuka bonde, tukampata, naye akatujazia viganja viwili. Kwa namna hiyo, kutoka nyumba hata nyumba, tulirudisha aina saba kati ya kumi na tatu. Tunaona wazi leo kwamba kibuyu kisingaliweza kutuokoa, kwa maana kibuyu ni kimoja na huweza kumwagwa na mjinga mmoja. Kilichotuokoa ni kwamba nyanya yetu aligawa, na tena alisema amempa nani.

Aina tano nyingine zilikuwa za majirani waliokufa au kuhama, na hatukuzipata. Lakini haragwe la njia ndilo linalotuuma kuliko yote. Hilo hatuna pa kulitafuta. Hatukumwuliza nyanya yetu jina la mwanamke yule wala la kijiji chake, na mama yetu, aliyekuwa na homa usiku ule, hakumbuki. Sisi tulikuwapo, tulilala chini ya paa lake, tulikula ugali wake. Wala hatujui jina lake. Pale hadithi ilipokatika, na mbegu ilikatika.

Labda mtu atasema: mambo haya ni ya wazee wasiosoma. Sivyo. Watu wenye elimu kubwa hufanya vile vile. Huko Palmira, katika nchi ya Kolombia, mna ghala la mbegu lenye aina zaidi ya 37,000 za maharagwe zilizokusanywa kutoka pande nyingi za dunia. Kila moja imepewa namba, na pamoja na namba huandikwa ilikotoka. Hapa kwetu, kituo cha Mulungu, kilichofanya kazi chini ya INEAC wakati wa Wabelgiji na sasa ni cha INERA, kimefanya kazi ya maharagwe kwa miaka mingi. Na mwaka 2008 kulifunguliwa ghala jingine kaskazini kabisa, katika visiwa vya Svalbard nchini Norwe, mbegu zinapolindwa kwa baridi ndani ya mlima.

Jirani zetu wa Rwanda nao wametupa fundisho. Baada ya maangamizi ya mwaka 1994, vituo vya utafiti vilizidisha mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa nje ya nchi ili wananchi wapate kupanda tena. Ilikuwa kazi njema. Lakini wataalamu walipozunguka vijijini waliona ya kuwa wakulima wengi walikuwa wamekwisha kupata maharagwe yao wenyewe: wengine katika akiba yao, wengine kwa ndugu na majirani, wengine sokoni. Ghala la wakubwa ni msaada. Ghala la kwanza ni mkono wa jirani.

Tena tusisahau kwamba haragwe lenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika, nalo lilifika Afrika baada ya safari za Wareno katika karne ya 16. Babu zetu hawakulifukuza kwa sababu halikuwa la kwao. Walilijaribu, wakalipa nafasi kando ya mtama. Basi hatusemi mbegu mpya zikataliwe. Leo katika shamba letu mbegu ya wataalamu ina sehemu yake, na mchanganyiko wa nyanya yetu una sehemu yake. Tunachokataza ni kumwingiza mgeni kwa kumtupa nje mwenyeji.

Wazee wamesema: mali bila daftari huisha bila habari. Ndiyo sababu darasani mwetu kila mwanafunzi wa mwaka wa sita huandika daftari la mbegu za kwao. Kwanza huuliza wazee, kisha huandika kila mbegu kwa mistari minne: jina lake; rangi na tabia yake; nani alitupa, wapi na lini; na sisi tumempa nani. Mstari wa nne ndio tunaoukazia zaidi. Mtoto akiuacha wazi, tunamtuma nyumbani amwombe mama yake agawe.

Na kazi ya mikono nayo tunawafundisha. Mbegu isichukuliwe katika rundo la kula. Mashina mazima yasiyo na ugonjwa yatiwe alama yakingali shambani, na maganda yake yaachwe yakauke vizuri. Punje zenye madoa ya ugonjwa zitengwe, kwa maana magonjwa mengine husafiri ndani ya mbegu. Zikaushwe juani hata jino lishindwe kuzipasua, zichanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa, zifungwe vema. Tena zigawanywe, sehemu moja ilale nyumbani na nyingine kwa ndugu, maana moto na mwizi hawapigi hodi.

Nasi tuna daftari letu. Ukurasa wa haragwe la njia upo, nao umeandikwa hivi: jekundu, tumbo jeupe, huvumilia jua, alitupa mwanamke mmoja, njiani, mwaka 1996. Mstari wa nne umebaki wazi.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, tunamaliza kwa ombi. Pengine gazeti hili litafika katika nyumba iliyompokea, mwishoni mwa mwaka ule, mwanamke mzee mwenye kibuyu cheusi, pamoja na binti yake mwenye homa na watoto wawili. Kama bado mnapanda haragwe hilo, tafadhali mwambieni padre wa parokia yenu, naye atatupasha habari. Hatutakuja mikono mitupu. Tutaleta lile la mtumbwi na lile la mgeni, na tutauliza jina la mama aliyetulaza, ili safari hii tuliandike.