Barafu Iliyotunyang'anya Ziwa

Ziwa Victoria liliwahi kukauka. Sisemi kupungua, sema kukauka kabisa, yaani hapo mitumbwi ya Mwigobero inapopita leo paliota majani. Watafiti waliotoboa sakafu ya ziwa walikuta, chini ya tope, udongo wa nchi kavu wenye mizizi ndani yake. Ni kama miaka 16,000 iliyopita. Ziwa letu ni pana lakini halina kina, mita 80 hivi pale penye kina kirefu, na linaishi kwa mvua kuliko kwa mito. Mvua ikigoma, limekwisha.

Kilichonishangaza ni mshukiwa: barafu ya Kanada.

Barafu ya Kilimanjaro imekaa juu ya mwamba, inaisha kwa jua na ukavu wa hewa, kila mtu anaona. Ila kuna barafu zinazoshuka kutoka nchi kavu hadi baharini na kusimama humo, miguu ndani ya maji. Hizo adui yao mkubwa ni maji yenyewe. Maji ya vuguvugu yakipita chini yanakula miguu kimyakimya, huku juu bado peupe. Kama umewahi kuona mto uliofurika ukila ukingo, utanielewa: jioni mahindi yamesimama wima, asubuhi shamba halipo. Na kama sakafu inateremka kuelekea ndani, kila barafu inaporudi nyuma inajikuta kwenye maji marefu zaidi, basi inameguka upesi zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa zama za barafu zilipokuwa zinaisha. Mapande makubwa yalimeguka na kutoka kupitia mlango-bahari wa Hudson, yakaelea Atlantiki yakidondosha mawe njiani. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich aliandika kuhusu mawe hayo aliyoyakuta kwenye tope la bahari, na matukio hayo yakapewa jina lake. Maji baridi yasiyo na chumvi yalitanda juu ya bahari, mzunguko wake ukadhoofika, na wanasayansi wengi wanauhusisha ukame wetu na jambo hilo. Ziwa lilipojaa tena ndipo zikatokea mamia ya aina za furu. Watoto wa juzi kabisa, kwa hesabu za dunia.

Nilipokuwa Butiama, pale makumbusho, nilimfikiria Mwalimu na Shakespeare wake. Aliyemleta Kaizari kwenye Kiswahili angeziitaje barafu hizi? Sisi tuna neno moja, barafu, kwa ile ya mlimani, ya kwenye friji na ile watoto wanayonunua wakitoka shule. Wapo wanaoandika "barafuto", lakini sijasikia mtu akilitamka. Mimi naona tusidharau hilo: kitu kisicho na jina ni rahisi kukiona cha Wazungu.

Na si cha Wazungu. Mei 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi ya 1964. Safari hii ni mvua nyingi, kinyume cha ule ukame, lakini somo la kutegemea mbingu ni lilelile. Kule kwetu Musoma maji yaliingia jikoni kwa mama. Kaka anataka auze kiwanja, wahamie kwake Bunda. Mama hataki: baba amezikwa hapo, na sasa kutoka kaburini hadi majini ni hatua arobaini tu.

Likizo iliyopita nilimsimulia yote haya, majani, mawe, barafu yenye miguu. Alisikiliza huku akichambua dagaa.

"Kwa hiyo linaondoka na kurudi lenyewe."

"Kwa maelfu ya miaka, mama."

"Mimi sina maelfu. Mwulize kaka yako lori la mawe ni shilingi ngapi, tuzibe upande wa ziwa."

Kaka alinung'unika sana kwenye simu. Kesho yake alituma hela ya malori mawili.