Nilimuuzia Dawa ya Malaria Asiye na Malaria

Kwa miaka mingi nimewauzia dawa ya malaria wanawake ambao hawakuwa na malaria. Sikufanya kwa hila. Nilifanya kwa mazoea, na kwa kujiona najua. Nina duka la dawa muhimu hapa Tanga, mji ambao malaria tumezaliwa tukaikuta, na mtu akiniambia mwili unamuwaka, usiku analowa jasho kisha anasikia baridi, mkono wangu ulikwenda kwenye dawa ya mseto ya malaria kabla hajamaliza kusema. Vidonge 24, vinne kutwa mara mbili, siku tatu. Anayefuata!

Anayenikosesha raha zaidi ni mama mmoja muuza vitumbua wa mtaani kwetu, wakati huo anakaribia miaka 50, ambaye namheshimu kama dada yangu mkubwa. "Mdogo wangu, kuna moto unanipanda," aliniambia, akaupitisha mkono kutoka kifuani, shingoni, mpaka masikioni. "Unakaa kidogo, unashuka, nabaki nimelowa." Hajamaliza, ukamjia pale pale. Shingo ikajaa matone ya jasho. Akalegeza ushungi, akachukua boksi tupu la dawa juu ya kaunta akawa anajipepea. Hazikupita dakika tano akajifunga tena, anasema anasikia baridi. Homa ya malaria haiji ikaondoka kwa dakika tano. Nililiona hilo kwa macho yangu, na bado nikamuuzia mseto.

Akarudi, nikampa tena. Aliporudi tena nikamwambia hiyo ni malaria sugu, maneno ambayo sina elimu ya kuyasema. Zahanati iko mtaa wa pili, na kipimo cha tone la damu kidoleni hakimalizi nusu saa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa ya malaria. Nililijua. Ningeweza kusema nilimhurumia na foleni, lakini ukweli ni kwamba nilijali mauzo.

Pesa yake ya mchele na mafuta ikawa inaishia kwangu, na hilo ndilo dogo. Mtu wa homa zisizokwisha, jasho la usiku, anakonda kwa kukosa usingizi: mtaa ukaamua wenyewe kwamba ameathirika. Mumewe akahamia chumba cha watoto. Maneno yale yalipata nguvu kwa ile malaria sugu yangu.

Binti yake ndiye aliyempeleka zahanati. Muuguzi akampima malaria, VVU na sukari, akamuuliza kama anakohoa, maana jasho la usiku laweza pia kuwa la kifua kikuu. Vyote vikawa salama. Ndipo akamuuliza hedhi yake ya mwisho aliiona lini. Ilikuwa inaruka miezi. Mimi, mwanamke mwenzake, sikuwahi kumuuliza. Niliona haya kumuuliza hivyo mtu anayenizidi umri.

Binti alikuja dukani kunieleza, wala hakunitukana. Nikamfuata yule muuguzi anifundishe. Alinieleza kwamba ubongoni kuna sehemu inayolinda joto la mwili. Homoni ya estrojeni inaposhuka, hedhi ikielekea kukoma, sehemu ile hushtuka upesi. Joto likipanda kidogo tu inadhani mwili umezidiwa, inatanua mishipa ya damu kwenye ngozi na kumwaga jasho, mwili ukipoa ndipo baridi inaingia. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na wengi wao huupata moto huo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kwa wanaosumbuliwa mara kwa mara, unadumu kwa kawaida zaidi ya miaka saba. Kwa mwendo wangu, ningemuuzia mseto miaka saba.

Yule mama alihamishia jiko lake upande wa upepo, akaacha chai ya moto ya usiku, analala na gauni jepesi la pamba na feni karibu. Hayo humpunguzia, hayamwondolei. Tiba yenye nguvu zaidi ni ya homoni, na ya daktari hiyo, si ya dukani kwangu: mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, huongezewa projesteroni ili kumkinga na saratani ya kizazi, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu kwa kawaida hapewi. Utafiti wa 2002 kuhusu tiba hiyo uliwatia watu hofu kubwa, lakini uchambuzi wa baadaye umeonyesha kuwa kwa walio chini ya miaka 60 wasio na matatizo hayo, faida kwa kawaida huzidi hatari. Zipo pia dawa zisizo za homoni.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. "Ungeniuliza tu, mdogo wangu," akasema. Kisha akanipa sharti: "Ukitaka nikusamehe, kamwambie shemeji yako." Nikamweleza mumewe barazani, nimeinamisha uso. Akauliza kama mambo hayo yanaambukiza. Nikamwambia hayaambukizi, na kwamba mkewe hakuwa na malaria hata siku moja, kosa ni langu.

Wauza dawa wenzangu, mwanamke wa makamo akija na moto unaopanda na kushuka, muulizeni habari za hedhi, hata kama ni mama yenu, kisha mpelekeni akapimwe. Na wewe mama unayesoma, usipokee dozi ya malaria bila kipimo. Ukiona damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, usije dukani kwangu wala kwa mwingine. Nenda hospitali.