Masini ya mama iko fasi gani?



Mwezi huu twende pamoja Likasi. Hatuendi kuangalia kiwanda cha Shituru, wala kupima urefu wa mashimo. Tunakwenda kuona fasi moja ndogo, mita mbili kwa mita mbili na nusu, chini ya dirisha la salon, katika nyumba moja ya matofali huko Panda. Pengine utauliza: "Hii ni safari ya namna gani?" Ngoja kwanza. Fasi ile ndogo njo inalisha watu saba.

Ukitoka Lubumbashi asubuhi, barabara inakupeleka karibu kilometa 120 upande wa kaskazini-magaribi. Kama ni wakati wa kiangazi, funga dirisha la basi, kwa maana malori ya migodi yanapishana bila kuchoka, na vumbi inaingia mpaka katikati ya meno. Kisha vilima vinaanza kuonekana. Unashuka mujini, unatafuta moto ya kukupeleka, na ukifika Panda unauliza tu: "Kwa Mama Mapasa wa broderi ni wapi?" Hata mutoto mudogo atakuonyesha. Kila mama aliyezaa mapasa tunamwita vile, unajua; lakini wa broderi, mwenye kupamba nguo kwa nyuzi za rangi, katika kartie ile ni yeye tu.

Nyumba bila fasi ya kazi

Mbele ya kuingia, simama kidogo nje uangalie nyumba yenyewe. Kutoka miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwajengea wafanyakazi nyumba, ili wakae pamoja na bibi na watoto wao. Baba alikwenda kazini, mama alikwenda foyer kujifunza kushona, kupika na kutunza mutoto. Wengi wetu tulivaa nguo zilizoshonwa na mama waliotoka foyer.

Lakini hesabu vyumba. Kuna fasi ya kulala. Kuna fasi ya kupokea wageni. Jiko iko nje. Fasi ya mama ya kutumikia haiko. Kushona kulihesabiwa kuwa kitu cha kupitisha saa ya mangaribi. Nani alifikiri kwamba siku moja sindano ile njo itanunua unga?

Siku ile ilifika. Katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Baba wa nyumba hii, aliyetumika miaka mingi atelier kama ajistere, alikuwa mumoja wao. Feza aliyopata iliisha, kama feza zote. Mama Mapasa akafungua Singer nyeusi ya miguu aliyoachiwa na mama yake, akaanza kushona alama za masomo, nape za meza, nguo za kwaya, mashuka ya harusi. Baadaye aliweka akiba, akanunua masini ndogo ya komputa, iliyokwisha kutumika, kwa muchuuzi aliyeipitisha Kasumbalesa.

Na masini zile zilikaa wapi? Sikiliza yeye mwenyewe:

"Yaya, nilikuwa nashona mu kulwari. Kule ni giza. Taa moja tu, iko nyuma ya kichwa, kivuli yangu njo inaanguka juu ya sindano. Meza ni ile ya kulia bukari, iko juu sana. Mangaribi mabega yote inauma, mugongo inauma, macho inatoka maji. Mbele nilizani ni buzee."

Haikuwa uzee. Mwaka mumoja, mbele ya sikukuu, alishindwa kusimama kitandani siku nne. Kazi ya kwaya nzima ikabaki nusu. Siku zile nne, bwana yake alikaa katika salon akiangalia. Kulikuwa viti vinne vikubwa chini ya dirisha, kila kiti na nape yake nzuri ya broderi. Viti vilikuwa katika mwangaza, vikingojea wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka. Mwenye kushona nape alikuwa katika giza.

Baba mwenyewe alinielezea, na hakuficha kitu:

"Ku atelier, kama masini inatikisika, tunasimamisha kazi. Kama taa ni mubaya, chef anapiga kelele. Mutu hawezi kutumika kule bila kofia na viatu. Na hapa kwangu, bibi yangu anatumika mu giza miaka kumi, mi napita pembeni yake, nasema tu: Mama, chakula iko wapi? Na mi ni ajistere!"

Siku ya tano alitoa viti viwili katika salon, akachukua meta na musumeno.

Ingia sasa, tuangalie

Kitu cha kwanza ni mwangaza. Dirisha iko upande wa kushoto wa mama, kwa maana anatumia mukono wa kuume. Hivi kivuli cha mukono hakifuniki sindano. Dirisha inaangalia kusini, na huku kwetu, wakati wa kiangazi, jua haliingii pale moja kwa moja. Hilo ni jambo kubwa, sababu jua linachoma macho na linaharibu nyuzi za rangi. Kwa usiku kuna taa ndogo nyeupe iliyofungwa karibu, upande uleule wa kushoto, chini ya kiwango cha macho. Taa ya manjano inadanganya: unachukua nyeusi, kumbe ni buluu.

Kitu cha pili ni meza na kiti. Fanya jaribio hili kwako. Keti, acha mabega yaanguke, kunja viko vizuri. Pale mikono inapofika njo kitambaa kinapashwa kuwa. Meza ya kulia ina karibu sentimeta 75. Ukiongeza urefu wa masini, mabega yanapanda kama ya mutu anayesikia baridi. Baba alikata miguu ya meza ya masini ya komputa sentimeta 12. Singer hakuikata; kwa ile alipandisha kiti kwa ubao na kushona muto wa kukalia. Kiti kina mugongo wa kuegemea, si kisturi. Miguu yote miwili inakanyaga kitu kigumu. Na sindano iko mbele ya pua ya mama, si katikati ya masini mbele ya pua. Wengi wanakosa hapo, na mugongo unajipinda muchana kutwa.

Kitu cha tatu ni kutikisika. Masini ya broderi inasukuma tamburi, ile duara inayokaza kitambaa, mbele na nyuma, kushoto na kuume. Kama meza inacheza, mustari wa mwisho haukutani na ua lililoshonwa mbele. Weka meza nzito, uifunge kwa mbao za kukingana, na chini ya masini weka kipande cha shambrieri ya zamani. Kisha acha fasi tupu nyuma na kushoto, ili tamburi isigonge ukuta wala kikombe cha chai. Tamburi ikigonga hata mara moja, kazi imeharibika.

Kitu cha ine ni fasi ya kila kitu. Nyuzi ziko juu ya ubao wenye misumari, kwa rangi, na kitambaa kinazifunika sababu ya vumbi. Sindano mupya inawekwa kisha masaa 8 ya kushona hivi. Sindano iliyochoka inakata uzi, na mama anazani uzi ni mubaya. Namba yake ya kila siku ni 75. Burashi ndogo inatoa manyoya pale chini ya sindano, fasi ya bobini. Usipulize na kinywa, sababu pumzi ina maji. Singer inapewa tone la mafuta ya masini, hapana mafuta ya kupikia, ambayo yanakauka na kushika kama gundi. Ile ya komputa, fuata kitabu chake. Masini zote mbili zinalala zimefunikwa na kikwembe.

Umeme ukikwenda

Hapa wasomaji wa Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi watatikisa kichwa, kwa maana tunajua wote. Mabarage ya muto Lufira yalijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba: Mwadingusha ilianza mwaka 1930, Koni mwaka 1950. Masini ya mama inakuja nyuma kabisa katika mustari ule. Umeme unapanda, unashuka, unakwenda.

Mama Mapasa amejipanga hivi. Masini ya komputa haiingii ukutani moja kwa moja. Inapita katika chombo cha kutuliza umeme. Ngurumo ya kwanza ya mvua ikisikika, anachomoa. Pembeni ya masini kuna kaye na kalamu. Motifu ya pointi 10,000, kwa masini inayopiga pointi 400 kwa dakika, inaomba dakika 25 bila kuhesabu kubadilisha nyuzi. Kila mara anapobadilisha rangi, anaandika namba ya pointi. Umeme ukikatika, hatoi kitambaa katika tamburi hata kidogo. Umeme ukirudi, anapeleka masini mbele mpaka namba ile, kazi inaendelea kama hakuna kitu kilichotokea.

Na wakati wa kungojea anageuka tu kwa Singer, ambayo haiombi umeme kwa mutu. Pale anatoa muguu wa kukandamiza kitambaa, anafunika meno ya chini, anakaza kitambaa katika tamburi kama ngozi ya ngoma, na kukisukuma yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Wewe mama unayetaka kujaribu, kumbuka jambo moja: hata kama muguu umetolewa, teremsha chuma chake. Ukisahau, uzi wote utafanya fundo chini. Na vidole vikae pembeni ya duara, mbali na sindano.

Watoto, mbabula na mugongo

Mukasi unaning'inia juu ya musumari mutoto asikofika. Waya wa umeme umefungwa kando ya ukuta, haupiti katika njia ya miguu. Mbabula haiingii kamwe katika salon, hata siku za baridi za mwezi wa sita: majivu yanaharibu kitambaa cheupe, na moshi usioonekana wa makala unaua watu katika nyumba iliyofungwa. Feri ya makala inatumika nje, barazani.

Kisha kuna saa ya ukutani. Kila nusu saa mama anasimama, anakwenda mpaka mulangoni, anaangalia mbali, kule vilimani, mpaka macho yatulie. Mwanzoni aliona ni kupoteza wakati. Sasa anasema kazi anayomaliza kwa siku haikupunguka, na kufumua kumepunguka.

Usizani mugongo wake umepona kabisa. Miaka kumi ya kulwari haifutwi na musumeno. Kuna siku unamuuma, na siku ile bwana yake njo anakaza tamburi na kukata nyuzi. Wapita njia walimucheka kwanza. Yeye anawajibu: "Ni masini. Mi ni mutu wa masini."

Hesabu sasa garama yao: mbao, misumari, kipande cha shambrieri, taa moja, siku mbili za musumeno. Kitu kilichokuwa kigumu kutoa ni dirisha. Kwa maana katika nyumba zetu fasi nzuri ni ya mugeni, kiti kizuri ni cha baba, na mama anachukua kilichobaki. Ile desturi ya kumuheshimu mugeni ni nzuri, tusiiache. Lakini mugeni akija kwa Mama Mapasa leo anapewa kiti, anapewa chai, tena anaona kazi inavyofanyika. Wengi wanatoka wameacha komandi.

Nilipoaga, jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima, na umeme ulikuwa umerudi. Baba alinionyesha moteri ndogo ya masini ya zamani aliyofungua kwa kujifunza. Ndani yake kuna uzi mwembamba, mwekundu, umezungushwa mara nyingi sana. "Unaona?" aliniambia. "Ni shaba. Mi nilizani nimeiacha kule."

Basi, ndugu musomaji, leo mangaribi kabla ya kuzima taa, zunguka nyumba yako. Mutu anayeshona, anayekata, anayehesabu ili watoto wale na wasome, anakaa fasi gani? Taa iko upande gani? Mabega yake yako wapi? Kama wewe ni baba, chukua meta, umuulize yeye mbele ya kukata. Kama wewe ni mama, usingoje kulala siku nne kitandani ndipo useme. Dirisha iko. Viti vinaweza kusogea.