Usiidharau Sufuria Yako



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Wapenzi wasomaji, mmezoea kutusoma tukizungumzia malezi na masomo ya watoto wa madrasa. Leo tunaomba mturuhusu tuingie jikoni. Mwalimu wa kiume kuandika habari za uji na maharage huenda kukawachekesha baadhi ya mama zetu. Hata hivyo tumeona tuandike, kwa sababu kuna Hadithi tuliyoifundisha kwa miaka mingi, na siku ilipotufikia mlangoni tukashindwa kuifanyia kazi. Aliyetuzindua ni mama watoto, akiwa jikoni.

Sisi tunaishi Buyenzi, hapa Bujumbura. Anayeijua Buyenzi anajua kuwa hapa Kiswahili ndicho cha barazani, na kwamba adhana ya Alfajiri inasikika kutoka pande zote. Nyumba zimebanana. Ukikaanga kitunguu, jirani wa tatu anajua. Chakula chetu cha kila siku ni kile ambacho wazazi wetu walikula: bugali wa muhogo, maharage, lengalenga, sombe siku ikiwa nzuri, na ndagala wa Ziwa Tanganyika. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa juani ufukweni, na wakikauka vizuri hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Kwa hiyo katika nyumba nyingi hapa utakuta vitu hivyo hivyo: gunia dogo la maharage, unga, mfuko wa ndagala, chupa ya mawese, chumvi na vitunguu.

Mwaka 2024 ulikuwa mgumu. Mafuta ya gari yalikuwa haba sana mjini, na vyakula vinavyoletwa kutoka mikoani vikawa vinachelewa na kupanda bei. Katika mwezi mmoja wa kiangazi wazazi wengi walishindwa kuleta ada ya madrasa, nasi hatukuwadai, kwa kuwa tuliijua hali yao kama tunavyoijua yetu. Nyumbani tuko watu saba. Nyama tuliisahau, na mchele ukabaki wa siku ya Ijumaa tu. Tulikula vilivyokuwemo ndani, na alhamdulillah hatukulala njaa hata siku moja.

Katika mwezi huo huo jirani yetu, bibi mtu mzima anayeishi nyumba ya pili, alifiwa na mwanawe wa pekee. Innaa lillahi wainnaa ilayhi raajiuun. Tulikwenda kuzika. Tulikaa mkekani siku zote tatu, tukasoma na kuomba dua pamoja na wenzetu. Watu wa kheri walileta pilau, walileta nyama, na waliokuwa na uwezo walileta mchele kwa magunia. Kutoka nyumbani kwetu hakikutoka chakula chochote.

Tuseme ukweli: tuliona haya. Mwalimu anayeitwa Maalim na mtaa mzima, abebe sufuria ya maharage aipeleke mahali penye sinia za pilau? Watu wangesemaje? Tukajidanganya kuwa dua inatosha, na kwamba chakula pale kimejaa wala hakihitajiki kingine.

Usiku wa siku ya tatu tulikuwa tunatayarisha somo la kesho. Ilikuwa ni ile Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (s.a.w.) anawaambia wanawake wa Kiislamu kuwa jirani asikidharau kitu cha kumpa jirani yake, hata kama ni kwato ya kondoo. Tunapenda kuwasomea watoto kwa sauti kabla ya kwenda darasani. Mama watoto alikuwa anachagua maharage. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, kwato ya kondoo hatuna. Lakini maharage tunayo. Kesho utawatazamaje watoto wa watu?"

Hatukuwa na jibu. Tulifunga kitabu.

Asubuhi yake tukarudi kwenye vitabu kutafuta zaidi, na tukakumbuka habari za Bi Aisha (r.a.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba watu wake walipofiwa, wanawake walikuwa wakikusanyika, na wakishatawanyika wakabaki wa nyumbani na wa karibu tu, ndipo alipokuwa akiamrisha ipikwe talbina. Talbina ni uji mwepesi wa unga wa shayiri. Kisha hupikwa tharidi, mkate uliorowekwa mchuzini, talbina ikamiminwa juu yake. Akiwaambia wale, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Tuangalie vizuri, ndugu zetu: chakula hicho cha kuliwaza kilikuwa ni unga na maji, na wakati wake ulikuwa ni baada ya watu kuondoka.

Shayiri hapa kwetu hatuipati kwa urahisi. Mama watoto akachukua unga wa mtama. Akapika uji, na kando yake akapika maharage kwa ndagala. Baada ya Isha, turubai lilipokwisha kuteremshwa na wageni wameondoka, tukabeba wenyewe, yeye na chupa ya uji, sisi na sufuria.

Tulimkuta bibi amekaa kitandani na mjukuu wake, mtoto wa miaka minane ambaye ni mwanafunzi wetu. Taa ilikuwa imefifia. Sinia za watu zilikuwa zimeoshwa na kupangwa ukutani zikisubiri wenyewe. Mama watoto akamimina uji kikombeni, akampa kwa mikono miwili. Bibi alikunywa polepole mpaka kikombe kikaisha, akaongezwa kingine. Kisha akasema maneno haya:

"Mwanangu, siku tatu hizi watu wamenilisha, Allah awalipe. Lakini kila nikiona nyama koo linafunga. Uji huu umeteremka. Nilikuwa najiuliza, hawa wa nyumba ya pili bado wana hasira nami kwa yale maneno ya maji?"

Wasomaji wetu, hapo ndipo tulipoinamisha kichwa. Miezi kadhaa nyuma tulikuwa tumetupiana maneno kuhusu maji ya mvua yaliyokuwa yakitiririka kutoka paa letu na kuingia uani kwake. Sisi tuliona jambo limekwisha na tukalisahau. Yeye hakulisahau. Kila chakula kilipoingia kutoka nyumba nyingine na kwetu kisitoke kitu, alihesabu kuwa hatujamsamehe, tena katika siku alizofiwa na mwanawe. Haya zetu za umasikini, kwake yeye zilikuwa ni chuki ya jirani. Tukamwomba radhi papo hapo, kwa maji na kwa siku tatu zile. Akalia, na mama watoto akalia naye.

Mtoto hakujali mambo yetu. Alikaa na sufuria ya maharage, na alipomaliza alipangusa chini yake kwa tonge la bugali. Siku mbili baadaye alirudi madrasa na juzuu yake. Sisi mfereji wa paa tukautengeneza wiki ile ile, jambo ambalo lingefanyika zamani.

Kwa mama na baba wanaotaka kujaribu, tunaeleza namna mama watoto anavyopika, kwa idhini yake.

Uji: chemsha lita moja ya maji. Koroga vijiko vinne vya kula vilivyojaa vya unga wa mtama katika kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe. Mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, punguza moto, uache uive kwa dakika 15 hadi 20, ukikoroga mara kwa mara usishike chini. Tia chumvi chembe, na sukari au asali kiasi. Tangawizi ikiwepo ni nzuri, na karanga zilizosagwa humpa nguvu asiyeweza kula. Kwa mgonjwa au mfiwa uwe mwepesi wa kunyweka.

Maharage kwa ndagala: vikombe viwili vya maharage viroweke tangu Isha hadi asubuhi. Maharage yaliyorowekwa huiva upesi, na makaa yanabaki. Mwaga maji ya kurowekea, osha, chemsha katika maji mapya hadi yalainike kabisa. Ndagala kikombe kimoja, watoe vichwa, waoshe mara mbili kwa maji ya vuguvugu ili mchanga utoke, kisha wakaange bila mafuta hadi wanukie. Kwenye sufuria nyingine kaanga vitunguu viwili kwa vijiko vitatu vya mawese, tia nyanya mbili, zikipondeka tia maharage na mchuzi wake. Ndagala watie mwisho, wachemke dakika kumi. Onja kwanza kabla ya kutia chumvi. Wanatosha watu sita na bugali. Na akipiga hodi mtu wa saba, ongeza maji. Kuzidisha maji katika mchuzi ili jirani apate ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr (r.a.), kama ilivyo katika Sahihi Muslim.

Ndugu zetu, hatusemi kuwa pilau ya msibani ni mbaya. Aliyeruzukiwa atoe katika alichoruzukiwa. Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alipokufa shahidi katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamrisha familia yake ipikiwe chakula kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Tunachowausia ni kwa yule mwenzetu ambaye jioni hii anafungua kabati na kuona unga, maharage na chumvi tu, kisha akajiambia kuwa hana cha kumpelekea mtu. Anacho. Na jirani huenda anasubiri sufuria hiyo hiyo, kwa sababu ambayo yeye haijui.

Basi tunaomba kila nyumba inayosoma haya ifikirie mlango mmoja. Pengine ni mgonjwa, ni mjane, ni mzazi aliyebaki peke yake, au ni jirani mliyetupiana maneno na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Wiki hii pikeni mnachokula nyumbani, funikeni vizuri, na mpeleke wenyewe. Watumeni na watoto wabebe pamoja nanyi, wajifunze njia.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu mtoto wa jirani yetu, ampe subira mama yake, abariki kidogo tulichonacho, na atuondolee haya zinazotuzuia kutenda kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.