Radi Haichoki Njiani: Tafakari Kuhusu Istilahi Moja ya Umeme

Msafiri atokaye mjini Kericho kwenda Bomet kupitia Chemosit, Litein na Kapkatet aghalabu huyaacha macho yake yaogelee katika zulia la michai. Ni nadra ainue uso na kuzitazama nyaya zinazopita juu ya zulia hilo. Hata hivyo, pasipo nyaya hizo feni za kunyaushia majani husimama, mashine za kusaga hunyamaza, na jani lililochumwa asubuhi huharibika kabla ya kuwa chai. Aidha, nchi hii ya vilima ni maarufu kwa ngurumo na mvua ya mawe. Nyaya na radi ni majirani wasiopatana.

Sisi wanafunzi wa fasihi tungeweza kuwaachia wahandisi ugomvi huo. Mimi niliingizwa ndani yake na neno moja. Ndugu yangu mdogo anasomea ufundi wa umeme, kazi itakayompandisha nguzoni. Siku moja aliniuliza, "Dada, fundi mmoja ametuambia kuwa radi ikipiga waya mbali haina hatari kwetu, maana waya una ukinzani wa mamia ya omu, kwa hiyo radi huchoka njiani. Je, ni kweli? Maana kitabuni wameandika ni omu 480."

Swali lake lilikuwa la fizikia, lakini kiini chake kilikuwa istilahi. Kiingereza hutofautisha dhana mbili ambazo fundi yule alizitia katika kapu moja la "ukinzani". Ya kwanza ni ukinzani halisi, yaani ule unaoigeuza nishati ya umeme kuwa joto, na ambao huongezeka kadiri waya unavyorefuka. Ya pili ndiyo iliyomkanganya ndugu yangu. Tuiite kwa sasa impedansi bainifu.

Neno impedansi liliasisiwa mwaka wa 1886 na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akafanya kazi ya simu za maandishi, kisha akajifundisha mwenyewe hisabati. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga miguu. Heaviside alionyesha kuwa umeme husafiri wayani kama wimbi, na kwamba kila waya una sifa mbili zinazoliongoza wimbi hilo. Induktansi ni tabia ya waya kupinga badiliko la ghafla la mkondo, ilhali kapasitansi ni uwezo wake wa kuhifadhi chaji baina yake na ardhi au waya mwenzake. Ukipuuza upotevu mdogo wa nishati, gawa induktansi kwa kapasitansi, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Hiyo ndiyo impedansi bainifu.

Natufanye hesabu ya nyumbani. Chukua waya mmoja ulio mita 15 juu ya ardhi, wenye nusu kipenyo cha sentimita 1. Kila kilomita yake ina induktansi ya takriban milihenri 1.6 na kapasitansi ya takriban nanofaradi 7. Jibu litakaribia omu 480. Sasa chukua kilomita mia moja za waya huohuo: induktansi huzidi mara mia, kapasitansi nayo huzidi mara mia, na mgawanyo haubadiliki. Omu ni 480 zilezile. Hazihesabu uchovu wa safari. Zinaeleza tu uwiano wa volteji na mkondo katika wimbi linalopita.

Hapo ndipo hatari inapojitokeza. Radi yenye ampea 20,000 ikiupiga waya huo, mkondo hugawanyika pande mbili, ampea 10,000 kila upande. Zidisha kwa 480: unapata volti 4,800,000. Vihami vya msongo wa kilovolti 33 kwa kawaida huundwa vihimili mshtuko wa volti 170,000 hadi 200,000. Naam, hata radi hafifu ya ampea elfu moja ingevishinda. Wimbi hilo hukimbia kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na kilomita kumi hazilichukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hupungua njiani kwa sababu nyingine, lakini si kwa sababu ya omu 480. Na likifika kwenye transfoma, ambayo impedansi yake ni kubwa zaidi, huakisiwa, na volteji yaweza kukaribia maradufu. Ndiyo maana vidhibiti-radi hufungwa karibu kabisa na transfoma, vikiwa na njia fupi ya kuufikisha mkondo ardhini.

Basi tuiiteje dhana hii? Ninapendekeza "ukinzani" ubaki na maana yake ya kwanza, na "impedansi" ikopwe bila haya kama tulivyokopa volti na transfoma. Kivumishi tunacho tayari. Katika fonolojia tunasema "sifa bainifu": ile inayoitenga /p/ na /b/ bila kujali umeirefusha sauti kwa muda gani. Waya nao hutambulika kwa umbo na nafasi yake, si kwa urefu wake.

Huenda mwenzangu akadai kuwa haya ni mabishano ya maneno tu. Sikubaliani naye. Fundi yule hakukosa akili. Alikuwa na neno moja kwa dhana mbili, akafikia hitimisho ambalo neno hilo lilimruhusu kulifikia. Tunapobuni istilahi tumezoea kuuliza iwapo ni fupi, iwapo inatamkika, na iwapo inanyambulika. Tuongeze swali la nne: je, mtu akiliamini neno hili juu ya nguzo, wingu likiwa limetanda, atashuka salama?