Hongera kwa Kuwa Mkenya?

Wasee, leo sina vichekesho. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu nikiwa na miaka 18, hata kabla sijaacha chuo.

Mimi na beshte yangu tulisoma darasa moja hapa Maseno. Kila tulipopandisha bendera tuliimba wimbo wa taifa, ambao ukiusikiza vizuri ni dua. Muziki wake ulitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa kubembeleza mtoto. Mimi ni Mwanglikana. Yeye ni Mwislamu, Mnubi wa Kibos. Sauti yake ndiyo ilikuwa juu kushinda zetu zote.

Tukaenda kuchukua kipande siku moja. Nikataja jina la ubatizo na la Kijaluo, nikapakwa wino vidoleni, nikatoka. Yeye akaambiwa alete karatasi za babu yake, kisha angoje kamati. Wazee wake waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alikaa miezi minane bila kipande. Hakuna laini ya simu, hakuna akaunti, hakuna kazi.

Na hilo jina langu? Wamisionari wa CMS walifika Maseno 1906, wakaja na kanisa na shule pamoja. Kumbe hata Ukenya wangu ulipitia kanisani, ni vile tu mlango ulikuwa wazi.

Pakistan ilizaliwa 1947 kama nchi ya Waislamu. India nayo, 2019, ilipitisha sheria ya kuwarahisishia uraia wahamiaji wa dini kadhaa kutoka nchi jirani, Waislamu wakaachwa nje. Sisi tunajigamba: Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Sawa. Lakini Wanubi, Wasomali, Waarabu wa Pwani, mbona ni hao ndio huitwa kwa kamati? Wenzetu wameiandika. Sisi tunaifanya dirishani, kimyakimya.

Februari 2025 Rais Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki huo wa ziada kule kaskazini mashariki. Poa. Nitaamini nikiona dirishani.

Beshte alipopata kipande alinitumia picha tu, bila neno. Nikamjibu "hongera".

Hongera ya nini, manze? Ya kuwa Mkenya alikozaliwa?

Wewe uliulizwa nini?