Uzi Usioonekana: Safari Yetu ya Paisley



Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba sisi akina mama wa nyumba nne tumeanzisha kazi ndogo ya kushona mifarishi kwa kanga. Mtaji wetu ni wa upatu: kila mmoja alipopokea zamu yake aliitia katika kapu moja. Kanga tunazo, cherehani tunazo, na mikono tumerithi kwa mama zetu. Tulichokidharau ni uzi.

Mfarishi wetu wa kwanza ulikuwa wa harusi. Kanga zake zilikuwa njema na mishono ilinyooka, lakini uzi tuliununua kwa bei ya kutupa. Ulipofuliwa mara ya kwanza, uzi mwekundu ukachuja rangi juu ya weupe wa kanga, na pembeni mshono ukafumuka. Tukarudisha fedha za watu, aibu ikabaki kwetu. Ndipo tulipokata shauri kwamba kabla ya kununua uzi mwingine, twende kwanza tukajifunze. Basi asubuhi moja tulipanda gari moshi kutoka Manchester hadi Glasgow, na kutoka hapo ni mwendo mfupi tu kufika Paisley, mji ambao kwa miaka mingi ulizishonea nguo za dunia.

Mto White Cart hupita katikati ya mji, na penye maporomoko yake madogo pamesimama jengo kubwa la Anchor Mills, lililojengwa mwaka 1886. Siku hizi ndani yake mna makazi ya watu na maofisi. Zamani ilikuwa milki ya ukoo wa Clark. Tuliambiwa kisa chao. Mwaka 1806 Napoleon aliifungia Uingereza njia za biashara za Ulaya, hariri ikaadimika, nayo ndiyo iliyotumika katika zile sehemu za kitanda cha mfumi zinazoinua nyuzi za mtande. Patrick Clark akasokota pamba hata ikawa laini na imara kama hariri, na mwaka 1812 ukoo huo ukafungua kiwanda cha uzi wa kushonea. Upande wa pili wa mji wakainuka akina Coats. Koo hizi mbili zilishindana kwa muda mrefu, hata mwaka 1896 kampuni zao zikaungana. Maelfu ya watu walifanya kazi humo, wengi wao wanawake na wasichana. Mwaka 1993 kazi ya uzi ikakoma kabisa mjini hapo.

Lakini kabla ya uzi, Paisley ilijulikana kwa shali. Tuliingia katika nyumba za kale za wafumi, karibu na mtaa wa Shuttle, na hapo tukapigwa na mshangao. Nakshi ambayo Waingereza huiita kwa jina la mji huu sisi twaijua tangu utotoni: ndiyo korosho ya kwenye kanga! Asili yake ni mashali ya Kashmir. Wafumi wa Paisley waliiga mashali hayo tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa, hadi yalipoacha kuvaliwa miaka ya 1870. Mmoja wetu alikuwa amejitanda kanga ya korosho siku ile, na mwenyeji wetu hakuamini macho yake.

Yeye ndiye aliyetueleza jambo lililotufanya tuandike makala haya. Shali ilifumwa kwa nyuzi nyingi za rangi, na baina ya rangi hizo mfumi alipitisha uzi mmoja mwembamba wa pamba, uliozifunga zote pamoja. Wenyeji waliuita sma' shot, maana yake mpigo mdogo. Uzi huo haukuonekana shali ilipokamilika, na kwa kuwa haukuonekana, matajiri walikataa kuulipia. Wafumi walidai haki yao kwa miaka mingi, wakiitana kwa mlio wa ngoma, na mwaka 1856 wakalipwa. Hata leo Jumamosi ya kwanza ya Julai mji huadhimisha ushindi wao.

Tulitoka pale kimya. Tulifahamu kwamba katika mfarishi wetu wa kwanza sisi ndio tuliokuwa wale matajiri.

Alasiri tukarudi Glasgow, katika duka la vifaa vya ushonaji. Uzi mzuri ulikuwa ghali karibu mara tatu kuliko ule wa kwanza. Mwenzetu mmoja akasema, "Dada zangu, mnunuzi hatazami uzi, hutazama kanga." Tulimjibu kwa neno moja tu: Paisley. Akacheka, akafungua mkoba.

Tuliyoyachagua twawaeleza, pengine yatamfaa mwenye nia kama yetu. Kwa kuunganisha vipande tulichukua uzi wa pamba namba 50. Kumbukeni kwamba katika uzi huu namba ikiwa kubwa, uzi huwa mwembamba, na uzi mwembamba huufanya mshono ulale vizuri. Kwa mistari ya juu, ile inayofunga pamba ya katikati, tulichukua namba 40, ambao ni mnene kidogo. Kwa kazi ya mkono tulichukua uzi uliopakwa nta. Huo msiutie katika cherehani, kwani nta hugandamana ndani yake.

Katika rangi tulijizuia sana. Kanga ina rangi mia, lakini kijivu na rangi ya maziwa hujificha karibu katika zote. Kwa hiyo fedha nyingi zilikwenda katika koni kubwa za rangi hizo mbili na nyeusi, na nyekundu na buluu tukachukua rola mojamoja. Tulipofika nyumbani tulikata kipande cha kila rangi, tukakiloweka katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, tukasubiri hadi asubuhi. Kadhalika tulichoma ncha ya kila uzi. Pamba huacha jivu na harufu ya karatasi iliyoungua, na nailoni au poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Jambo la mwisho ni bei. Tangu zamani mama zetu walishona usiku kucha, na saa zao hazikuhesabiwa na mtu. Sasa katika daftari letu tumeandika uzi katika mstari wake na saa za mkono katika mstari wake, na mnunuzi akiuliza tunamwonyesha. Tumeona kuwa ndiyo biashara ya haki, kwake na kwetu.

Mfarishi wa bibi harusi yule tumeushona upya bila ya malipo. Umekwisha kufuliwa mara tatu, na weupe wake ungali weupe.

Wabillahi tawfiq.